Giza la Unguja na chungu cha familia



Wapendwa wasomaji wetu, juma hili tumeona vema turudi nyuma kidogo katika historia ya kisiwa chetu cha Unguja, tulitazame jambo ambalo wengi wetu tulilipitia, tukalisimulia kwa mzaha, kisha tukalisahau kabla hatujalielewa. Tarehe 21 Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima. Mwanzoni hakuna aliyeshtuka, kwa maana kukatika kwa umeme kwetu si habari. Watu waliwasha mishumaa, wakapunga pepeo, wakalala. Kulipokucha umeme haukuwa umerudi. Haukurudi siku ya pili yake, wala juma lililofuata. Ulirudi tarehe 18 Juni 2008, yaani baada ya majuma manne.

Habari za umeme kwa kawaida huandikwa na wahandisi na wanasiasa, nao huandika juu ya nyaya, megawati na mikataba. Hayo yana mahali pake, na sisi tutayagusa. Lakini jambo tunalotaka kulifuata ni lile lililotokea baada ya mlango wa nyumba kufungwa: fedha ilipopungua mfukoni mwa baba, ilikuwaje chungu kikaendelea kuinjikwa, na ni nani hasa aliyelipa gharama ya kukiinjika?

Tuanze na waya wenyewe. Tangu mwaka 1980 Unguja imekuwa ikiletewa umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari, kuanzia Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Ras Fumba, kusini magharibi ya kisiwa. Kabla ya hapo tulitegemea mashine za mafuta. Waya huo ulikuwa na uwezo wa megawati 45, na kwa miaka mingi ulitosha. Mwaka 2008 ulikuwa umetimiza umri wa miaka 28, mahitaji yameongezeka, na hapakuwa na wa pili wa kuushikia zamu. Ulipopata hitilafu, kisiwa hakikuwa na njia nyingine. Ndugu zetu wa Pemba, ambao wakati ule walikuwa hawajaunganishwa na Bara na walikuwa wakitumia majenereta yao ya dizeli, hawakuguswa kabisa. Waliokuwa wakionekana wamebaki nyuma ndio waliowaka taa mwezi ule! Na inasikitisha zaidi tukikumbuka kwamba miezi mitatu tu kabla, Februari 2008, Tanzania na Marekani zilikuwa zimetia sahihi mkataba wa dola milioni 698 chini ya Shirika la Changamoto za Milenia, na ndani ya mkataba huo mlikuwemo waya mpya wa Unguja. Dawa ilikwisha kuandikwa, mgonjwa akazimia kabla haijafika.

Jambo la kwanza kukosekana halikuwa taa, yalikuwa maji. Maji ya mji wetu husukumwa kwa pampu za umeme kutoka visimani na kwenye chemchemi. Pampu ziliposimama, mabomba yalikauka. Aliyewahi kuishi Mji Mkongwe anazijua ngazi zake: nyembamba, ndefu, zenye giza hata adhuhuri. Aliyewahi kuishi katika majumba ya Michenzani, yale yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki baada ya Mapinduzi, anajua ni vidato vingapi hadi ghorofa ya juu. Sasa mfikirie mama mwenye watoto watano, ghorofa ya nne, ambaye kila tone la kupikia, kuoga, kufulia na kutawadhia ni lazima lipande kwa ndoo. Visima vya zamani ambavyo vilikwisha kusahauliwa vilifunguliwa upya. Vijana wenye mikokoteni walibeba madumu na kuyauza mitaani, na hivyo maji, ambayo kwa familia nyingi hayakuwa na bei ya kuhesabiwa kila siku, yakageuka kuwa matumizi ya kila asubuhi. Mafuta ya taa, mishumaa na makaa vilipanda bei. Kwa hiyo matumizi yaliongezeka katika mwezi uleule ambao mapato yalipungua, na hiyo ndiyo maana hasa ya dhiki.

Mapato yalipunguaje? Hapa yatupasa kuwa waangalifu, kwa sababu dhiki ile haikugawanywa sawasawa. Mtumishi wa Serikali aliendelea kupokea mshahara wake. Mkulima wa muhogo huko shamba hakuhitaji umeme ili kupiga jembe. Wenye mahoteli makubwa walikuwa na majenereta, ingawa walilia kwa bei ya dizeli. Walioanguka siku ileile ya kwanza ni wale wanaokula kwa jasho la siku: fundi wa kuchomelea vyuma, seremala mwenye mashine ya randa, kinyozi, mwenye saluni, fundi wa redio, mwenye kinu cha kusaga, mama mwenye friza moja anayeuza barafu, malai na maji baridi. Wachuuzi wa samaki walipata pigo la aina yake. Bila barafu, samaki wa jana ni hasara ya leo, na hivyo walilazimika kuuza yote kabla jua halijachwa, kwa bei yoyote. Kwa siku chache wanunuzi walifurahi kupata samaki rahisi. Wachache walijiuliza mchuuzi yule amerudi nyumbani na nini.

Tulishuhudia jambo moja dogo ambalo hatujapata kulisahau. Wanaume waliokuwa hawana kazi ya kufanya waliendelea kuamka alfajiri, kuoga kwa kopo la maji, kuvaa na kutoka kana kwamba wanakwenda kazini. Walikwenda kukaa barazani. Baraza za Mji Mkongwe, na pale Jaws Corner wanapokunywa kahawa, zilijaa watu kuliko kawaida, na mazungumzo yalikuwa mazuri sana, tena yenye vicheko. Kicheko cha barazani kilikuwa kinaficha kitu. Mwanamume wa kwetu, awe Mkristo au Mwislamu, amelelewa akijua kwamba kulisha nyumba ni wajibu wake. Anaposhindwa, hupenda zaidi kutoonekana nyumbani kuliko kuonekana mikono mitupu. Hatutasimulia tuliyoambiwa faraghani katika siku zile, kwa kuwa si yetu kuyasimulia. Inatosha kusema kwamba ugomvi mwingi uliosikika nyuma ya kuta haukuhusu giza hata kidogo, ulihusu shilingi elfu mbili.

Basi familia zilifanya nini? Kwanza zilikopa dukani. Karibu kila mtaa una duka lenye daftari la madeni, na mwenye duka ndiye benki ya kwanza ya maskini. Daftari hilo lina huruma kwa juma la kwanza na la pili. Likifika la tatu, mwenye duka naye anadaiwa na aliyemwuzia kwa jumla, na huruma yake inaanza kupungua bila yeye kutaka. Pili, zilikwenda kwenye upatu. Kina mama wetu wamecheza upatu tangu zamani: watu kumi, kila mmoja anatoa fungu lake, na kila zamu mmoja anapokea lote. Katika mwezi wa kawaida upatu ni akiba nzuri kabisa. Katika mwezi wa msiba wa wote pamoja hugeuka kuwa mzigo, kwa sababu aliyepokea zamani hana cha kutoa na anayengojea zamu yake anaihitaji leo. Upatu mmoja unaweza kumwokoa mama ambaye kinu cha mumewe kimeharibika. Hauwezi kuwaokoa mama kumi ambao vinu vyao vyote vimezimika usiku mmoja. Hilo ni udhaifu wa kila msaada unaotegemea jirani aliye katika hali ileile, na tunalisema bila kuudharau ujirani, kwa maana katika majuma yale jirani hakuuliza dini wala chama alipogawa ndoo ya maji.

Tatu, zilitoa dhahabu. Hapa tungependa kukaa kidogo.

Katika familia za Unguja, bangili, mkufu na vipuli vya mke havikuwa pambo tu. Ndiyo akiba yake, aliyopewa siku ya harusi na mama yake, au aliyojinunulia kidogo kidogo kwa zamu za upatu. Kwa sheria ya Kiislamu, inayotawala ndoa za wengi wa majirani zetu, mali ya mke ni yake peke yake, na mume hana haki juu yake. Kulisha nyumba ni juu ya mume. Sasa mume amekosa. Mke anafungua kisanduku, anakwenda kwa sonara, anaweka bangili rehani au anaiuza kabisa, na jioni wali unapikwa. Je, alichotoa ni zawadi au ni deni? Siku ile hakuna anayeuliza. Huulizwa miaka mitatu baadaye, mapenzi yakiisha. Mtafiti Erin Stiles, aliyekaa muda mrefu akifuatilia mashauri katika mahakama ya kadhi ya Mkokotoni, kaskazini ya Unguja, aliona kwamba wanaofungua mashauri wengi wao ni wanawake, na kwamba kukosa matunzo ni miongoni mwa malalamiko yao ya kawaida. Mwenzake Susan Hirsch, aliyezichunguza mahakama za kadhi za pwani ya Kenya na kutoa kitabu chake mwaka 1998, alieleza jinsi mwanamke wa Pwani anavyotazamiwa kuvumilia na kutozitoa nje siri za nyumba, na jinsi ilivyo lazima avunje mwiko huo kila anaposimama mahakamani kudai haki yake. Sisi Wakristo tusijione tumeepukana na hilo. Wake wa ndoa zetu za Kanisa nao wameuza mikufu, nao wamenyamaza.

Kisiwa chetu kina historia ndefu ya kuweka rehani kilicho chema ili kuvuka mwezi mbaya. Kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika kwa sehemu kubwa, ikachukua nafasi ya kwanza katika zao hilo. Wenye mashamba wakakopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, wakaweka mikarafuu dhamana. Bei ya karafuu ilipoporomoka katika miaka ya 1930, madeni yakawa hayalipiki, hata Serikali ya kikoloni ikatunga amri mwaka 1934 kuzuia ardhi isiwatoke Waarabu na Waafrika kwa njia ya madeni. Amri zile zilileta chuki zake, na mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi waligomea biashara ya karafuu, wakaungwa mkono na Bara Hindi yenyewe. Vitabu husimulia hayo kama habari za siasa na biashara. Lakini kila deni lililoandikwa katika daftari za wakati ule lilikuwa na nyumba nyuma yake, na katika nyumba hiyo alikuwamo mtu aliyekula kidogo ili mwingine ale.

Sasa tufike pale tulipokusudia kufika.

Mtaalamu mmoja wa uchumi, Alfredo Burlando, wa Chuo Kikuu cha Oregon huko Marekani, alifanya jambo ambalo sisi tuliokuwapo hatukulifikiria. Alikwenda kwenye vitabu vya wodi ya wazazi hapa Unguja. Kila mtoto anapozaliwa, mkunga humweka katika mizani na kuandika uzito wake kitabuni. Maandishi hayo hufanywa usiku na mchana, kwa haraka, na mikono iliyochoka, wala hakuna anayefikiri kwamba yatasomwa tena. Burlando aliyasoma. Alilinganisha watoto waliokuwa matumboni mwa mama zao wakati wa giza lile na waliozaliwa nyakati nyingine. Matokeo yake, aliyoyachapisha mwaka 2014, yalikuwa haya: kipato cha watu wanaofanya kazi zinazotegemea umeme kilishuka ghafla kwa muda ule, na watoto waliokuwa tumboni wakati wa giza walizaliwa wakiwa na uzito pungufu. Idadi ya waliozaliwa na uzito mdogo kupita kiasi, ambao kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 2,500, iliongezeka. Na upungufu huo ulikwenda sambamba na jinsi mama alivyoguswa na giza lenyewe.

Tafadhali tuyatafakari haya polepole. Giza lilidumu majuma manne. Umeme uliporudi, kinyozi alirudi kazini, friza ikaganda tena, daftari la duka likaanza kufutwa mstari kwa mstari. Kwa hesabu ya mtu mzima, msiba ulikwisha tarehe 18 Juni. Lakini watoto waliendelea kuzaliwa hadi mwanzoni mwa mwaka 2009 wakiwa wamebeba mwezi ule katika miili yao. Mtoto mwenye uzito mdogo huugua upesi, na hatari yake ya kufa ni kubwa kuliko ya mwenzake. Yeye hakuwa na friza wala kinu. Hakuwa na deni dukani.

Ilikuwaje ikamfikia? Burlando mwenyewe anazungumza kwa tahadhari ya mtaalamu. Anakisia kwamba kupungua kwa kipato kuliwafanya akina mama wajawazito wakose lishe ya kutosha kwa muda. Sisi tunaoingia katika nyumba za watu hatuhitaji kukisia mbali. Chakula kikipungua, jinsi kinavyogawanywa katika sinia ni jambo la desturi. Baba hupewa kwanza, tena kipande kizuri cha samaki. Watoto hufuata. Mama hula mwisho, mara nyingi akisema ameshiba kwa harufu ya moshi. Familia nyingi katika mwezi ule zilihamia kwenye muhogo na chai kavu, na muhogo hujaza tumbo lakini haumjengi mtoto. Tena mama huyohuyo ndiye aliyepanda ngazi na ndoo kichwani. Alikula kidogo na kubeba zaidi katika majuma yaleyale.

Kila baada ya dhiki, iwe kanisani, msikitini au katika hotuba za viongozi, tumezoea kuwasifu watu wetu kwa ustahimilivu wao. Tumesema hivyo sisi wenyewe, na huenda tumesema upesi mno. Ndiyo, familia za Unguja zilistahimili. Hakuna aliyelala barabarani, hapakuwa na fujo, watoto walikwenda shule wakiwa wamevaa sare zilizopigwa pasi ya makaa. Lakini ustahimilivu wa nyumba ulikuwa na mlipaji, na vitabu vya wodi ya wazazi vinatuonyesha alikuwa nani. Tunapomsifu mama kwa kuvumilia bila kuuliza amekula nini, tunaisifu hasara.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulicheka. Katika makala yake nyingine ya mwaka uleule wa 2014, Burlando alionyesha kwamba miezi minane hadi kumi baada ya giza, idadi ya watoto waliozaliwa iliongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Mzaha wake kila mtu anaujua na hatuna haja ya kuurudia hapa. La kushangaza zaidi ni kwamba ongezeko lilikuwa karibu sawa katika vijiji vyote vilivyofikiwa na umeme, hata vile ambavyo nyumba chache tu zilikuwa zimeunganishwa, wakati vijiji visivyo na umeme kabisa havikuona badiliko lolote. Inawezekanaje nyumba isiyo na taa ibadilike kwa sababu taa ya jirani imezimika? Jibu, tunadhani, liko katika utafiti wa mwanamke wa Kinorwei, Tanja Winther, aliyeishi na watu wa Uroa, pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aliona kwamba umeme ulipofika kijijini haukuingia jikoni, kwani kina mama waliendelea kupikia kuni. Uliingia sebuleni. Jioni za kijiji zilirefuka, majirani wakakusanyika penye televisheni, muda wa mume na mke kuwa peke yao ukapungua. Taa moja ilitosha kubadili usiku wa mtaa mzima. Ilipozimika, watu walirudi mapema kila mmoja kwake.

Tunalitaja hili si kwa kuchekesha. Mtoto ni baraka, nasi hatutaandika kinyume cha hilo. Lakini wapo waliopokea mimba katika mwezi ambao baba hana kazi na mama amekwisha uza bangili, na baraka hiyo ilikuja na hesabu yake ya maziwa, nguo na nauli ya kliniki.

Mtu angedhani kwamba baada ya somo kama hilo kisiwa kingekuwa tayari. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika tena. Safari hii giza lilidumu karibu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Tuliadhimisha Noeli ya mwaka 2009 kwa mishumaa, na wenye kupenda uzuri walisema ilikuwa Noeli nzuri kuliko zote. Huenda ilikuwa hivyo kwa aliyekuwa na cha kula baada ya Misa. Desemba hadi Februari ni msimu wa wageni. Tamasha la Sauti za Busara la Februari 2010 lilifanyika Ngome Kongwe kama ilivyopangwa, kisiwa kikiwa gizani, na ngurumo za majenereta zikawa sehemu ya muziki wa mji. Wenye kuweza walinunua vijenereta vidogo kutoka China na kuvifunga milangoni, na moshi wake ukajaa vichochoro ambavyo havikujengwa kwa moshi. Asiyeweza alikuwa amekwisha uza dhahabu yake mwaka 2008. Hapa ndipo tofauti ya mara ya kwanza na ya pili ilipoonekana: familia iliyopata pigo la kwanza ikiwa na akiba iliyumba ikasimama, lakini pigo la pili liliikuta ikiwa bado inalipa la kwanza. Wapo mafundi waliofunga vibanda vyao mwezi wa pili na hawakuvifungua tena.

Tuseme pia lililo jema. Giza hilo la pili lilitukuta katika kipindi cha utulivu wa kisiasa ambao hatukuuzoea. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana na kuanza safari ya maridhiano. Laiti giza la miezi mitatu lingetukuta katika chuki za mwaka 2001, hatujui kisima gani kingechotwa na nani. Watu waliweza kuchota maji kwa jirani wa chama kingine, na hilo lilikuwa msaada mkubwa kuliko shehena yoyote ya mishumaa.

Baadaye mambo yalitengenezwa. Majenereta ya dizeli yalifungwa Mtoni kwa ajili ya dharura. Pemba iliunganishwa na Tanga kwa waya wake mwaka 2010. Aprili 2013 waya mpya wa megawati 100, ule wa mkataba wa mwaka 2008, ulizinduliwa Fumba. Tangu hapo umeme hukatika kama unavyokatika kwingine, lakini hatujaona tena giza la majuma.

Dhiki, hata hivyo, haiji siku zote kwa njia ya waya. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 538,000. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, wakawa takriban 260,000. Mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje yalifungwa milango, na wafanyakazi wake, wakiwemo waamini wetu wengi waliotoka Bara kutafuta riziki, walirudishwa makwao au walikaa bila mshahara. Yaliyofuata tuliyatambua mara moja, kwa kuwa tulikuwa tumeyaona: daftari la duka, upatu uliokwama, safari za kwa sonara. Huko Paje na Jambiani wanawake waliokuwa wameuacha mwani, zao lililoanza kulimwa huko kwa biashara mwaka 1989, waliurudia wakati bamvua likitoka, ingawa bei yake ni ndogo na maji ya bahari yaliyopata joto yameupunguza. Na safari hii tuliuliza swali ambalo hatukuliuliza mwaka 2008. Katika familia zilizofika kwetu kuomba msaada wa chakula, tuliuliza kwanza kama nyumbani kuna mjamzito au anayenyonyesha, na fungu lake, maharage, mayai na dagaa, tulilitenga mbali na mchele wa nyumba, tukamkabidhi yeye mwenyewe mkononi. Baadhi ya kina baba hawakupendezwa. Tulizungumza nao, wengine wakaelewa, wengine la.

Watoto waliokuwa tumboni wakati wa giza lile la kwanza wamekwisha pita umri wa miaka 15. Wengine huhudumia altareni kwetu, wengine tunakutana nao Darajani wakiuza vocha. Hakuna awezaye kumtazama kijana mmoja na kusema huyu alipungua kwa sababu ya Mei 2008, kwa maana hesabu za namna hiyo huonekana kwa wengi pamoja tu, hazionekani kwa mtu mmoja.

Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe tunazoingia kuzibariki, jikoni hukosi kuona pipa la maji limejazwa hadi ukingoni na kufunikwa kwa sinia, ingawa bomba linatoka vizuri. Mama mmoja, bibi wa wajukuu sasa, tulimwuliza kwa nini anahangaika kulijaza kila siku. Alitujibu kwamba mkwewe yu mjamzito, na kwamba ngazi za nyumba hii anazijua yeye.